Kavugho na Jicho la Kushoto la Mama Ajwang

Watu wa mji huu wa Kampala tuna maoni makali kuhusu mambo ambayo hatujayaona kwa macho. Mtu wa kawaida akifanya hivyo, namsamehe, kwa kuwa maoni ndiyo kitu pekee asichotozwa ushuru. Lakini msomi akifanya hivyo darasani, amevaa koti jeupe na amekunja nne, hiyo ni dhuluma, na dhuluma hainyamaziwi. Ndiyo sababu naandika habari za Kavugho, binti wa Guerschom, na habari za jicho la kushoto la Mama Ajwang wa soko la Nakawa. Nimesimuliwa na watu wa pande zote mbili, wale wa chuoni na wale wa sokoni, na pale walipopingana nimewaamini wa sokoni.

Kavugho alizaliwa Butembo, akaletwa Kampala mgongoni mwa mama yake kabla hajaota meno, akakulia Nsambya, chini kidogo ya nyumba za reli. Mama yake huuza vitenge. Baba yake, Guerschom, ni fundi wa kupaka nyumba rangi, na kwa miaka mingi alikuwa fundi hodari mwenye kasoro moja: hakuuona mwisho wa ukuta. Alikuwa akipaka ukuta, akaendelea kupaka dirisha, na siku moja akampaka paka wa mwenye nyumba aliyekuwa amelala barazani. Wenye nyumba walidhani ni mlevi. Mchungaji akamwombea aache pombe ambayo hakuwahi kuionja.

Hatimaye Guerschom alikwenda Nakivubo kununua miwani kwa mchuuzi aliyeitandaza juu ya gunia. Kipimo chake kilikuwa hiki: mchuuzi alimvisha miwani, akamwonyesha basi lililoegeshwa ng'ambo ya barabara, akamuuliza, "Mzee, basi lile unaliona?" Guerschom akajibu kwamba analiona. "Basi miwani yako ndiyo hiyo." Ndugu msomaji, basi lina ukubwa wa kanisa dogo! Hata aliyefumba jicho moja na kusinzia kwa la pili angeliona. Naye Guerschom akarudi nyumbani akiinua miguu juu juu kama korongo avukaye mto, kwa maana kila ufa wa barabara ulionekana mfereji. Kavugho, wakati huo msichana wa shule ya msingi, alimshika mkono mpaka nyumbani, naye akaapa kwamba akikua atajifunza kazi ya kuyapima macho kwa haki.

Akakua, na akajifunza. Leo yuko mwaka wa mwisho wa upimaji macho, fani ambayo wenyewe huiita optometria, katika chuo kimoja hapa mjini ambacho sitakitaja, kwa kuwa nina maneno nacho. Ni mfupi, ana kicheko kinachomtangulia kufika, na ana tabia moja ya kuudhi: ukizungumza naye, hasikilizi maneno yako mpaka amalize kukagua macho yako. Kijana mmoja wa kwaya, mwenye heshima zake, alimwambia jioni moja baada ya mazoezi, "Kavugho, macho yako yanang'aa kama nyota." Kavugho akamtazama kwa makini, akamjibu, "Yangu ni machozi tu ya vumbi. Lakini wewe, kaka, unapepesa mno, na kingo za kope zako ni nyekundu. Una mzio. Acha kuyasugua." Uchumba ukafia hapo hapo. Nasikia mzio ulipona.

Sasa nije kwenye maneno yangu na chuo.

Siku moja mkufunzi wao, Daktari Aloyo, mama mnyamavu mwenye nyusi zinazosema kuliko mdomo, aliliuliza darasa swali. "Nani kati yenu amewahi kusikia habari za kumhudumia mgonjwa wa macho akiwa mbali, kwa simu au kwa video?" Mikono ikainuka darasa zima.

"Nani amewahi kuona huduma hiyo ikitolewa?" Mikono yote ikashuka, na wengine wakajifanya walikuwa wakijikuna kisogo.

"Na nani ana maoni juu yake?" Mikono ikapanda tena, mingi kuliko mara ya kwanza.

Nauliza, na naomba chuo kinijibu: ikiwa mwanafunzi anafundishwa miaka minne kumchungulia mgonjwa aliyefika, kwa nini asifundishwe japo wiki moja namna ya kumfikia yule asiyefika? Wasiofika ndio wengi. Hawafiki kwa sababu ya nauli, watoto, vibanda, au kuona haya. Mtaala umewasahau kama vile Mungu aliumba macho ndani ya majengo ya kliniki tu.

Lakini turudi darasani. Wa kwanza kusimama alikuwa Travis, kijana mrefu kutoka upande wa Busia ya Kenya, mwenye sauti ya mtu anayehutubia mkutano hata akiomba chumvi.

"Daktari, mimi napinga," alisema. "Jicho ni kiungo, si ujumbe wa WhatsApp. Huwezi kulituma. Mtandao ukikatika katikati ya kipimo, mgonjwa atabaki na nusu ya jicho?"

Darasa likacheka. Nyuma akainuka Emile, Mkongomani mwembamba mwenye mapozi, ambaye ni jirani ya Kavugho huko Nsambya. "Mimi naunga mkono," akasema. "Nitaweza kufanya kazi nikiwa kitandani."

"Hayo ndiyo maoni ya kisayansi?" Daktari Aloyo akauliza kwa nyusi.

Kavugho akasimama, ingawa kwa kimo chake tofauti haikuwa kubwa. Alikuwa amekwisha kuomba kwamba utafiti wake wa mwisho uwe juu ya jambo hili hili: kuwapima macho wauzaji wa sokoni kwa simu, kwa msaada wa mtu mmoja aliye pale pale na mtaalamu aliye mbali. "Daktari, kuna watu ambao kama hatuwafuati kwa simu, hatutawapata kabisa."

"Huyo ni daktari wa bando," Travis akasema. "Bando likiisha, dawa yake imeisha."

"Na wewe ni daktari wa mlango," Kavugho akamjibu. "Mtu asipogonga, hujui kwamba ni mgonjwa."

Daktari Aloyo akanyamazisha kicheko, akatoa uamuzi. Ijumaa, Kavugho atampima mgonjwa mmoja wa kweli kwa video mbele ya darasa, mwanzo hadi mwisho. Likifanyika sawasawa, mada ni yake. Likishindikana, atapewa mada nyingine iliyokuwa ikingoja mtu wa kuichukua: historia ya fremu za miwani. Kavugho aliniambia kwamba aliposikia maneno hayo, alianza kuhesabu miezi. Angekaa mwaka mzima akipima picha za fremu za marehemu.

Kavugho alikwisha kujua atampima nani. Mama Ajwang ni Mjaluo wa kutoka Kisumu, mwenye umri wa kuitwa bibi na hasira za kukataa kuitwa hivyo. Anauza samaki Nakawa, hasa ngege, na huwaparua magamba na kuwapasua mbele ya mteja kwa kisu kirefu chembamba. Kavugho, alipokuwa akinunua samaki kwake, aliona mambo mawili. La kwanza, Mama Ajwang aligeuza shingo kila alipotaka kuangalia kitu cha upande wa kushoto, kama kuku anayekagua punje. La pili, vidole vya mkono wake wa kushoto vilikuwa vimefungwa plasta, kila kimoja kwa zamu yake.

"Mama, jicho lako la kushoto linaona vizuri?" Kavugho alimuuliza.

"Linaona mpaka dhambi zako," akajibu. "Ni shingo tu. Nililalia mto vibaya."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka juzi."

Alikataa kata kata kwenda kliniki. Alikuwa na sababu moja, na si ya kipuuzi: mama mmoja wa sokoni humo aliondoka kwenda kutibiwa mguu, akarudi akakuta kibanda chake kina mtu mwingine anayeuza soksi. Mama Ajwang hakuwa tayari kubadilishana kibanda kwa jicho. Lakini kupimwa akiwa amesimama pale pale, kisu mkononi, samaki mbele yake? Hilo alilikubali. "Kama ni simu, ije," alisema. "Mimi siendi."

Kwa hiyo Ijumaa asubuhi Emile akatumwa Nakawa na simu nzuri, kifimbo cha kuonyeshea, tochi ndogo, kile kijiko cheusi cha kuzibia jicho, na ubao wa herufi E. Ubao huo hauhitaji mtu kujua kusoma. Una E nyingi, kubwa juu na ndogo kadiri unavyoshuka, na kila E imegeuzwa upande wake: meno yake yanaelekea juu, chini, kulia au kushoto. Mpimaji anagusa E moja kwa kifimbo, na mpimwaji ananyosha mkono kuonyesha meno yanaelekea wapi. Emile akautundika ubao kwenye nguzo, mwisho wa njia inayopita kati ya meza za samaki, akasimama kando yake, kifimbo mkono mmoja na simu mkono wa pili. Mama Ajwang akasimama upande wa pili, umbali wa mita sita kama inavyotakiwa, amevaa aproni ya plastiki yenye neno KARIBU kifuani. Chuoni, darasa zima lilimtazama ukutani, mkubwa kuliko maisha, samaki mmoja begani kwake kwa sababu ya jinsi kamera ilivyokaa.

"Mama Ajwang, unanisikia?" Kavugho akaita.

"Nakusikia, nyathina, mwanangu! Na hao watoto wote nyuma yako wamekula?"

Darasa likajibu kwa pamoja kwamba bado. "Waje wanunue samaki," akasema, na Daktari Aloyo akaficha mdomo kwa kiganja.

Wakaanza na jicho la kulia, la kushoto likiwa limezibwa. Emile alikuwa akigusa E na kumtajia Kavugho, mwenye nakala ya ubao, nafasi yake, Mama Ajwang akinyosha mkono wake wenye magamba, bila kusita, mpaka mstari wa wale wenye macho mazuri, ambao wapimaji huuita sita kwa sita. Hakukosea hata mara moja. Travis akakunja mikono kifuani. 

Kisha mtandao ukakatika.

"Nilisema!" Travis akapiga meza. "Mama wa watu sasa ana nusu!"

Mawasiliano yakarudi punde, Mama Ajwang ameziba jicho la kulia tayari, amesimama imara kama askari wa gwaride. Wakaendelea na la kushoto. Na hapo ndipo mambo yalipokuwa ya ajabu. E iliyotazama juu, alionyesha juu. Iliyotazama chini, alionyesha chini. Lakini iliyotazama kulia, alionyesha kushoto, na iliyotazama kushoto, alionyesha kulia. Si mara moja. Kila mara, mstari kwa mstari, mpaka E ndogo kabisa ambazo hata Emile mwenyewe alihitaji kuziinamia. Hakuyumba. Alikosea kwa uhakika uliopita usahihi.

Darasa likalipuka. Mmoja akasema ni ubongo. Mwingine akasema kuna ugonjwa adimu sana, amewahi kuusoma, jina limemtoka. Wa tatu akapendekeza kwamba mama amezaliwa na jicho la kushoto lililowekwa kinyume, na akatakiwa akae chini. Hapo Travis akainuka taratibu, na kwa mara ya kwanza akaja na fikra iliyofanana na fikra.

"Si mama mwenye shida," alisema. "Ni simu. Ilipokatika na kurudi, imepindua picha, kama kioo. Kulia kumekuwa kushoto. Juu na chini havigeuki kwenye kioo, sivyo? Ukirekebisha hilo, mama amejibu yote sawa."

Daktari Aloyo akatafakari, akaafiki. "Ni maelezo mazuri. Tukirekebisha, macho yote mawili ni sita kwa sita. Hitilafu ya chombo itaandikwa kama hitilafu ya chombo. Kipimo kimekamilika, Kavugho. Mada ni yako."

Darasa likapiga makofi. Travis mwenyewe akapiga, kwa vidole viwili. Hata Mama Ajwang kule sokoni, aliposikia makofi kwenye simu, akainama kidogo kushukuru.

Nataka msomaji asimame hapa pamoja na Kavugho. Alichokuwa akikililia kimewekwa mkononi mwake, na mkufunzi ndiye aliyekiweka. Kulikuwa na njia moja tu ya kukipoteza, nayo ilikuwa kufungua mdomo. Ni wangapi kati yetu, katika ofisi za mji huu, wangefungua mdomo? Najua jibu, na halinipi usingizi.

Kavugho akautazama ukuta. Akauona uso wa Mama Ajwang, plasta za vidoleni, aproni. Akalisoma neno lililokuwa kifuani. KARIBU. Akalisoma tena, herufi kwa herufi, kutoka kushoto kwenda kulia, kama watu wote wanavyosoma.

"Daktari," akasema, "picha haijapinduka. Ingekuwa imepinduka, maandishi ya aproni yangesomeka kinyumenyume."

Makofi yakafa.

"Kwa hiyo?" Daktari Aloyo akauliza.

"Kwa hiyo sikubali kwamba ameona. Sijui nini kimetokea, lakini hakuna jicho duniani linaloona hivyo." Akaigeukia simu. "Emile! Usiguse ubao. Geuka nyuma, polepole, na simu yako."

"Nigeuke niangalie nini?"

"Geuka tu, ndugu yangu."

Emile akageuka, na safu nzima ya soko la Nakawa ikatokea ukutani. Nyuma ya mgongo wake, wamebanana pembeni mwa nguzo, walisimama wauza samaki, wauza nyanya na wauza ndizi, kila mmoja amekunja shingo kuuchungulia ubao, na kila mmoja ameinua mkono wa kulia na kuunyosha kando, kama waumini waliofikiwa na roho kwa wakati mmoja. E ya mwisho ilikuwa imetazama kulia. Walipoiona simu inawaangalia, wengine wakaishusha mikono, wengine wakajifanya wanafukuza nzi. Mmoja tu hakuushusha wake: Faridah, muuza nyanya, kiongozi wao, mwanamke mwenye mabega ya mbeba zege.

Mambo yakawa wazi. Wao waliusoma ubao vizuri, wakainua mkono wa kulia. Lakini walikuwa wamemkabili Mama Ajwang uso kwa uso, kwa hiyo mkono wao wa kulia ulikuwa upande wake wa kushoto, naye akaufuata. E hakuiona hata moja. Aliona kivuli cha mikono mingi, mikubwa kuliko E yoyote, ikienda upande mmoja.

Chuoni watu walicheka mpaka mmoja akaanguka kutoka kwenye kiti. Travis alijifuta machozi akisema, "Huyo si mgonjwa mmoja, ni chama cha ushirika!" Lakini Kavugho hakucheka.

"Mama Faridah," akasema, "kwa nini mmefanya hivi?"

"Musawo, daktari wetu, sasa tungefanyaje?" Faridah akajibu, mkono bado juu. "Safu hii, mwenzetu akiulizwa, tunajibu. Mteja akimuuliza samaki ni wa leo, sisi tunajibu ni wa leo. Mkubwa wa soko akimuuliza mbona umechelewa, tunajibu hajachelewa. Leo anaulizwa na madaktari kundi zima, tumwache peke yake? Sisi ni watu gani?"

"Lakini nilikuwa nauliza jicho lake, si lako."

"Jicho lake tunalijua. Halioni. Ndiyo maana tukamsaidia."

Sijui kama kuna mtu aliyewahi kueleza kwa usahihi zaidi namna tunavyosaidiana katika nchi hizi zetu. Tunapenda wenzetu mpaka tunawaficha wasitibiwe. Nasema hivi kwa uchungu, ingawa nami nilicheka niliposimuliwa.

Kavugho akawaomba wanawake wahame, wasimame nyuma ya Mama Ajwang, mahali asipoweza kuwaona. Wakahama kwa utiifu. Emile akagusa E, na Mama Ajwang akanyosha mkono sawasawa kabisa, kulia kulia, kushoto kushoto. Kavugho akahisi kuna jambo.

"Mama Faridah, mikono yako iko wapi?"

"Iko mabegani kwake. Namliwaza."

"Unamliwaza au unamfinya?"

Faridah akafikiri. "Namliwaza kwa kumfinya."

Hapo Kavugho akauacha ubao. Akamwambia Emile asogee karibu na Mama Ajwang, ampe simu mkononi, asiseme neno, kisha akaongea naye kama mtu anavyoongea na shangazi yake jikoni. Alimuuliza habari za kisu. Alimuuliza ni kidole gani kilichokatwa juzi, na kilikatwaje. Darasa lilimsikiliza, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufundishwa kwamba hicho nacho ni kipimo.

Mama Ajwang akaisogeza simu mdomoni. Kisha akaondoa kijiko cheusi, akakitazama.

"Ni kama mtu ameniwekea moshi," akasema. "Mwanzo ulikuwa ukungu wa asubuhi, nikasema utapanda. Haukupanda. Samaki akiwa upande huu, namkata kwa kukumbuka. Wakati mwingine nakumbuka vibaya."

"Emile, washa tochi ndogo, umulike kutoka pembeni, usimwumize. Ichukue simu, usogeze kamera kwenye mboni."

Emile akamulika, na ukutani ikatokea mboni ya Mama Ajwang, kubwa kama sinia. Haikuwa nyeusi. Ilikuwa ya kijivu, mfano wa maji yaliyooshewa mchele. Hakuna aliyehitaji kuambiwa. Mtoto wa jicho, aliyekomaa, ambaye huondolewa kwa upasuaji mfupi, na mtu akarudi kwenye shughuli zake.

"Mama," Kavugho akasema, "huo si uzee na si shingo. Unatibika. Lakini simu haiwezi kuutoa. Kwa hilo, lazima uje."

"Na kibanda?"

Faridah akaichukua simu, uso wake ukaujaza ukuta. "Kibanda nitakilalia mimi. Atakayekuja na soksi zake, atazivaa masikioni."

Mama Ajwang hakusema ndiyo. Alisema, "Nimesikia," na mtu yeyote aliyelelewa na mama anajua kwamba hilo si jibu. Kisha simu ikaisha chaji.

Daktari Aloyo akazima projekta, akalikabili darasa. Travis akanyosha mkono haraka. "Daktari, kwa hiyo kipimo kimefeli. Ubao haukufanya kazi. Mtandao ulikatika. Soko zima lilidanganya."

"Ubao umefeli," Daktari akakubali. "Lakini niambie, Travis, mama huyu angeingia kliniki yako lini?"

Travis akafikiri kwa uaminifu, na kwa hilo nampa heshima. "Asingeingia," akasema.

"Kavugho," Daktari akasema, "siwezi kusema umefaulu. Wala siwezi kusema umeshindwa. Simu isiyomfikisha mgonjwa kwenye matibabu ni redio tu, mtu anasikiliza kisha anazima. Mama huyo akiingia kwenye mlango wetu kwa miguu yake, mada ni yako. Asipoingia, fremu zinakungoja."

Jumatatu haikuleta mtu. Jumanne iliingia mvua, na Kavugho akakaa karibu na dirisha la kliniki ya chuo akijifanya anapanga lenzi. Emile alimletea mandazi na habari za faraja za uongo. Kavugho alitaka kumpigia simu Mama Ajwang kumkumbusha, akajizuia, kwa kuwa mtu anayeburutwa hukimbia njiani. Travis alipita mara kwa mara, akichungulia barabara kwa siri. Alipoulizwa anatafuta nini, alisema anatafuta basi. Hakuna basi linalopita barabara ile.

Jumatano, muda wa chakula ukiwa unakaribia, harufu ya samaki ilitangulia kuingia. Nyuma yake akaja Mama Ajwang, amevaa gauni la kanisani na kilemba kipya, shingo imegeuzwa, akiukagua mlango kwa jicho zima kabla ya kuuamini. Nyuma yake alikuwa Faridah.

"Si ulisema utalalia kibanda?" Kavugho akamuuliza, huku akiwavutia viti.

"Nimewaweka wengine wawili wanalala. Mimi nimemsindikiza ili asiwe peke yake mkiuliza."

Faridah akaombwa kwa heshima zote akae nje, naye akakubali baada ya kuahidiwa kwamba atapimwa yeye pia. Zamu ya kupima siku hiyo ilikuwa ya Travis. Akamkaribisha Mama Ajwang kwa adabu, akamkalisha, akamziba jicho la kulia.

Mama Ajwang akamgeukia. "Hiyo sauti naijua. Wewe ndiye uliyesema simu imepinduka, mimi naona vizuri?"

"Ndiyo, Mama," Travis akasema kwa sauti ndogo ambayo hakuna aliyejua kwamba anayo. "Nilikosea."

"Maneno mazuri. Nilipoyasikia nilikaribia kukuamini."

Travis akaigusa E kubwa kuliko zote, ile ya juu kabisa. Mama Ajwang akageuza kichwa kulia, akakigeuza kushoto. Ukuta ulikuwa mweupe pande zote, na hapakuwa na mkono wa mtu. Kavugho alisimama mlangoni, viganja vimebanwa nyuma ya mgongo asije naye akaonyesha kwa bahati mbaya.

"Haya, mwanangu," Mama Ajwang akasema, akatua mikono yake mapajani. "Sioni. Andika hivyo. Sioni hata ukuta huo umeishia wapi."

Travis akaandika. Na Daktari Aloyo, aliyekuwa amesimama nyuma ya Kavugho bila mtu kumsikia akifika, akamgusa bega akamwambia aende akamtafutie mama huyu tarehe ya upasuaji iliyo karibu, kisha arudi waongee namna ya kuwapima watu wanaopendana sana.